Mzungu wa Mtaa wa Tuckett

Figo za Thurman Gaddis zilikuwa zimechoka kuliko yeye mwenyewe, ila karatasi ya hospitali ilikuwa ikizisifu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani aliisahau kwenye gari, akaisoma mara ya tatu.

"Thurman," akasema Daktari Pruitt, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke au zisitoke, "habari ni nzuri. Uko ishirini na mbili."

"Bwana Gaddis."

"Samahani?"

"Wewe kwangu ni Daktari, mimi kwako ni Bwana Gaddis. Nimekuwa fundi wa mabasi ya mji huu miaka thelathini na moja. Hata mabasi yalikuwa yananiheshimu."

Masikio ya kijana yakawa mekundu. Mgonjwa aliyetoka chumbani kabla ya Thurman, Mzungu, mdogo wake kwa miaka mitano, aliitwa Bwana mpaka mlangoni. Hospitali ya Marrow Hill ilikuwa na mazoea yake.

"Bwana Gaddis, namba hii inaonyesha figo zako zinafanya kazi kiasi gani. Ili uingie kwenye orodha ya kungoja figo ya kupandikizwa, lazima ishuke mpaka ishirini. Zako bado ziko mbili juu. Kwa hiyo tungoje kidogo."

"Tungoje nini?"

"Zi... zichoke zaidi."

Thurman akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa pana mistari miwili. Huu unasema kumi na tisa, huu unasema ishirini na mbili. Hii kumi na tisa ni ya nani?"

"Hiyo si yako. Hiyo ni ya mgonjwa asiyekuwa Mweusi."

"Damu iliyopimwa ni ya nani?"

"Yako."

"Mmeipima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Damu moja, mtu mmoja, namba mbili."

Daktari akakohoa. Akaeleza, huku akiutazama ukuta, kwamba kompyuta huanza na kumi na tisa, kisha mgonjwa akiwa Mweusi humwongezea kidogo, maana utafiti wa zamani ulidai kwamba watu Weusi wana misuli mingi zaidi. Thurman akakunja mkono wa shati mpaka begani. Mkono wenyewe ulikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio.

"Nionyeshe iko wapi," akasema.

&nbsp;

Jumapili, baada ya ibada, binti yao Lenora alikuja kula. Odessa, mkewe Thurman, alikuwa amepika mboga za majani kwa nyama ya moshi, na mkate wa mahindi. Kwa kuwa figo mbovu haziziwezi mboga hizo, alimpakulia mumewe majani matatu, akayahesabu kwa sauti ili asije akadai hakupewa.

Lenora alikuwa Mkuu wa Idara ya Usawa hapo hapo Marrow Hill. Alianza kama muuguzi wa zamu, akapanda ngazi moja moja, na sasa alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupewa ofisi katika ghorofa ya saba. Jina lake lilichongwa kwenye shaba. Odessa alikwenda kulitazama mara mbili, na mara ya pili alilifuta kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Hilo la mistari miwili nimelisema kwenye kamati miaka miwili sasa," akasema Lenora. "Wameunda kamati ndogo."

"Kamati ndogo inafanya nini?" akauliza mama yake.

"Inachunguza kama kuna haja ya kuunda kamati."

"Ndiyo maana wakakupa ofisi yenye dirisha, mwanangu. Ukichoka kungoja, uangalie magari."

"Mama, mambo ya huko hayaendi kwa kelele. Nikigonga meza leo, kesho hawanialiki tena."

"Kwani wamekualika kula au kufanya kazi?"

Neno hilo lilimuuma Lenora, hasa kwa kuwa alikuwa amejiuliza swali hilo hilo asubuhi, akiwa mbele ya kioo.

Thurman alikuwa akitafuna jani lake la pili taratibu, kama anayetafuna wazo. "Binti," akasema, "hivi nani anaiambia kompyuta kwamba mimi ni Mweusi?"

"Wewe mwenyewe, Baba. Kwenye fomu ya kujiandikisha." Hapo uso wa Lenora ukachangamka. "Sheria hiyo niliiandika mimi. Zamani makarani walikuwa wanamtazama mtu usoni wanakisia. Siku hizi mgonjwa anajitaja mwenyewe, na hakuna mfanyakazi mwenye ruhusa ya kumuuliza, kumbishia wala kumbadilishia. Hata Daktari Whitcombe, mwenyekiti wa kamati, alitia sahihi."

"Sheria nzuri sana," akasema Thurman. Akaiba kipande cha pili cha mkate wa mahindi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima alionekana mtu mwenye hamu ya kula.

&nbsp;

Jumanne alivaa suti yake ya kijivu ya kanisani, akaenda kwenye dirisha la kujiandikisha. Karani alikuwa Charlesetta Boone, ambaye huimba sauti ya pili katika kwaya ya Kanisa la Nebo, nyuma ya Thurman mwenyewe.

"Kaka Thurman! Umebadilisha anwani?"

"Anwani ile ile. Nataka unirekebishie hapo penye asili."

"Pana nini?"

"Niandike Mzungu."

Charlesetta akamtazama. Akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayezungumza. "Kaka Thurman, Mungu anakuona."

"Mungu ananijua, Dada, hana shida ya fomu. Sheria inasemaje?"

"Inasema nisikuulize."

"Basi usiniulize."

Akaandika, huku akiuma mdomo wa chini kuzuia kicheko, mpaka machozi yakamtoka. Thurman yeye hakucheka. Alipoona neno lile kando ya jina lake, alimkumbuka baba yake, aliyezaliwa katika chumba cha chini cha hospitali hiyo hiyo, karibu na mtambo wa kupasha joto maji, mahali walipolazwa akina mama Weusi. Aliona haya, kama mtu anayepita kaburini kwa jamaa bila kusalimia. Lakini mwenye njaa hana miiko. Akavaa kofia yake akaondoka.

Siku ya nne barua ikaja. Kumi na tisa. Bwana Thurman Gaddis ameingizwa kwenye orodha ya kungoja figo kuanzia tarehe hiyo. Odessa aliisoma jikoni akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye kiti akalia kwa furaha. Alipoambiwa imekuwaje, alifuta machozi kwa aproni.

"Miaka thelathini na minane nimeolewa na mwanamume Mweusi," akasema. "Leo usiku nalala na nani?"

"Na yule yule. Ila figo zake ni za Kizungu."

&nbsp;

Siri hukaa Nebo kuanzia Ijumaa mpaka samaki wa Ijumaa hiyo hiyo waive. Wanaume walikuwa nyuma ya kanisa wakikaanga kambare, na Charlesetta, aliyeapa kutosema, hakusema; aliuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kumwona Mzungu akiimba besi.

Wa kwanza kufuata alikuwa Shemasi Cleophus Nettles. Alikuwa amepumua vumbi la kiwanda cha chuma miaka ishirini na sita, na kila alipopuliza kwenye mashine ya kupima mapafu aliambiwa yako sawa, kwa kuwa mashine nayo ilikuwa na hesabu yake: kwamba pafu la Mweusi kwa asili ni dogo. Jumatatu aliingia hospitalini akiwa Mweusi mzima wa mapafu. Jumatano, kwa pumzi ile ile, alikuwa Mzungu mgonjwa sana, na akapewa dawa pamoja na barua ya kudai fidia.

"Maisha yangu yote," akasema akikohoa kwa furaha, "sijawahi kufaidi kuugua kama leo."

Baada yake ilikuwa kama mkesha wa Krismasi dukani. Walikuja wajane wenye sukari, walikuja wacheza domino wa kwa kinyozi Purvis, alikuja mpaka Mchungaji, aliyedai amekuja kumsindikiza mkewe. Mwezi ulipokwisha, watu mia moja na arobaini na mmoja wa Upande wa Mashariki walikuwa Wazungu.

Sasa, kila mwezi Marrow Hill hupeleka kwenye halmashauri ya mji takwimu za asili ya wagonjwa wa kila mtaa, bila majina. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Wiki mbili baadaye, kijana mmoja wa Idara ya Mipango Miji alisimama kwenye kibaraza cha akina Gaddis akiwa na michoro kwapani.

"Habari za mchana, mama. Wenye nyumba wapo?"

"Unaongea naye," akasema Odessa.

Kijana akachungulia nyuma yake, akitafuta mwingine. "Tumeona wakazi wa mtaa huu... wanabadilika. Kwa hiyo tunakusanya maoni. Miti, viti vya kupumzikia, kibanda cha kungojea basi. Pia kivuko cha watembea kwa miguu mbele ya shule."

Odessa aliandika barua kumi na moja kuomba kivuko hicho, mwaka baada ya mwaka, tangu alipokuwa mpishi wa shule ile. Mara ya saba alibandika picha ya mjukuu wa Shemasi Nettles akiwa na plasta mguuni baada ya kugongwa. Alijibiwa kwamba mtaa hauna sifa.

Akamkaribisha kijana, akamkalisha, akamkatia kipande kikubwa cha keki ya pichi. "Kula, baba. Hicho kivuko mnaweza kukianza lini?"

"Kabla mwezi haujaisha, mama."

"Mungu akubariki. Wala msichelewe. Hawa wakazi wapya hawana subira."

&nbsp;

Daktari Whitcombe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyependa kuharakishwa, jambo ambalo kwa mgonjwa halina tofauti kubwa. Alimwita Lenora, akafunga mlango kwa upole, akamwekea karatasi mezani.

"Upande wa Mashariki tumepoteza theluthi ya wagonjwa wetu Weusi ndani ya mwezi mmoja," akasema. "Hawajafa. Hawajahama. Wa kwanza kwenye orodha ana jina la ukoo kama lako."

Lenora akaivuta karatasi karibu, akalisoma jina.

"Mwambie mzee wako airudishe fomu yake ilivyokuwa, kimya kimya, kabla ya Ijumaa. Akikataa, jambo litafika kwenye kamati, tutamwondoa kwenye orodha kwa kutoa habari za uongo, na watu watauliza sheria hii ya kujitaja aliitunga nani. Sipendi kuona kazi yako nzuri ikiharibika, Lenora."

Lenora aliendesha gari moja kwa moja mpaka Mtaa wa Tuckett. Baba yake alikuwa kwenye kibaraza, miguu imevimba, ameiweka juu ya kreti.

"Umenidhalilisha, Baba! Ghorofa nzima inanicheka. Miaka yote najenga jina pale, wewe umelibomoa kwa alama moja ya kalamu!"

"Kaa chini."

"Sikai! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia ningoje."

Lenora akautupa mkoba wake kwenye kibaraza.

"Unadhani nilifurahi?" akasema Thurman. "Nilipoandikwa lile neno niliona kama nimemkana baba yangu. Nililala siku mbili sisemi. Lakini sikiliza, binti. Wewe umekaa kwenye meza yao miaka miwili ukiomba kwa adabu, na sikulaumu, adabu nilikufunza mimi. Ila mimi miaka miwili sina. Naogopa. Haya, nimesema. Naogopa kufa nikiwa na namba nzuri."

Hakuwahi kumsikia baba yake akitamka kwamba anaogopa, hata siku alipoangukiwa na injini ya basi. Lenora akakaa kwenye ngazi, karibu na ile miguu iliyovimba, akavua viatu vyake vya ofisini. Walikaa hivyo, Lenora akimsimulia maneno ya Whitcombe na kikao cha kamati cha Ijumaa, mpaka Odessa akatoka na chai.

"Ijumaa," akauliza mama mtu, "hicho kikao kiko wazi kwa wagonjwa?"

"Kiko wazi," akasema Lenora. "Hiyo nayo niliiandika mimi."

&nbsp;

Inafaa ijulikane kwamba Odessa ndiye kiongozi wa wahudumu wa mlangoni pale Nebo. Wahudumu hao huvaa nyeupe tupu na glovu nyeupe, na neno likiwa linasomwa au maombi yakiendelea, hakuna anayeingia wala kutoka. Ukijaribu, glovu huinuka mbele ya kifua chako, na mimi sijapata kumwona mtu aliyeipita.

Ijumaa saa nne wanne kati yao walijipanga kwenye milango miwili ya ukumbi wa kamati. Viti vya wagonjwa vilikuwa vimejaa kofia za Jumapili. Wajumbe saba walikaa upande wa pili, Lenora akiwa kwenye ncha ya meza.

"Bwana Gaddis," akaanza Daktari Whitcombe, ambaye ghafla alilikumbuka neno Bwana, "nakuuliza moja kwa moja. Wewe ni Mzungu?"

"Wewe unaonaje, Daktari?"

Kicheko kikapita chini ya kofia. Lenora akainuka.

"Mwenyekiti, swali hilo limekatazwa. Kanuni ya tisa. Sahihi yako iko chini."

"Lenora, huyu ni baba yako. Hufai hata kusema."

"Sipigi kura juu ya baba yangu. Nasoma kanuni."

Whitcombe akavuta pumzi. "Basi tusimuulize. Tuthibitishe kwa njia nyingine."

"Vizuri," akasema Lenora. Akamgeukia mkuu wa maabara, Daktari Halvorsen, mama mmoja mfupi aliyekuwa hajawahi kusema neno kwenye kikao chochote. "Daktari, damu ya baba yangu mnayo. Ipimeni mtuambie ni ya Mweusi au ya Mzungu."

"Hakuna kipimo cha namna hiyo," akasema Halvorsen.

"Hakuna kabisa?"

"Damu haina kitu kama hicho."

"Basi ile tatu mnayomwongezea, mnaipata kwenye damu gani?"

Nettles akakohoa, akaomba radhi. Halvorsen akaiweka kalamu yake mezani, akasema polepole, "Kwenye fomu. Tunaipata kwenye fomu."

"Na kuiondoa, kwa wagonjwa wote, ni kazi ya muda gani?"

"Kwenye kompyuta? Dakika kumi. Kumi na tano kama mtandao ni mbaya."

"Miaka miwili nimeomba dakika kumi," akasema Lenora. "Naomba kura. Mstari mmoja kwa kila mgonjwa, na wote waliocheleweshwa warudishiwe tarehe zao."

"Jambo zito hili," Whitcombe akasema akikusanya karatasi. "Nakiahirisha kikao, tulipeleke kwenye kamati ndogo." Akainuka, akauendea mlango.

Odessa akainua glovu.

Hakumgusa. Hakusema neno. Daktari aliitazama ile glovu nyeupe mbele ya kifua chake, akaitazama kofia iliyo juu yake, akatazama mlango wa pili na kuona glovu nyingine. Kitu fulani katika malezi yake ya zamani kikamwambia yuko kanisani. Akarudi akakaa.

"Ahsante," akasema Lenora. "Wanaokubali?"

Halvorsen alikuwa wa kwanza. Mikono ikafuatana, mmoja, mwingine, na mwisho wa Whitcombe mwenyewe, kwa kuwa hakuna apendaye kuandikwa peke yake. Thurman, aliyekuwa amekaa na kofia magotini, aliinua wake pia, akaambiwa yeye hana kura, akasema anajua, ananyoosha mkono tu.

&nbsp;

Alibaki kwenye orodha, na tarehe yake ikarudishwa nyuma miezi kumi na minne, mpaka siku ya kipimo cha zamani ambacho, bila nyongeza, kilikuwa tayari kimesema kumi na tisa. Jumatatu alfajiri alivaa tena suti ya kijivu, akasimama mbele ya Charlesetta. Nyuma yake, foleni ilifika nje.

"Nirudishe nilivyokuwa, Dada."

"Kompyuta inataka sababu ya mabadiliko, Kaka Thurman."

"Andika: amepona."

Foleni nzima iliandikwa hivyo hivyo. Watu mia moja na arobaini na mmoja walipona siku moja, na wengine walikumbatiana dirishani kama waliorudi safari. Thurman aliliangalia jina lake na neno lile la pembeni, akajisikia mwepesi.

Mwisho wa mwezi takwimu mpya zikaenda halmashauri. Mafundi wa rangi walikuwa wamefika katikati ya barabara mbele ya shule, michirizi minane mizuri, walipopigiwa simu. Wakafunga makopo, wakapanda gari, wakaondoka.

Mtaa wote ukatoka kutazama. Kivuko kilianzia kwenye lango la shule, kikaishia katikati ya njia, magari yakipita kwa kasi upande wa pili.

"Thurman," akasema Odessa, mikono kiunoni, "rudi hospitali ukawe Mzungu wiki moja tu, wamalizie."

"Thubutu! Hiki watakimalizia nikiwa hivi hivi nilivyo."

Akaingia ndani, akatoka na kiti cha kukunja. Akatembea juu ya michirizi minane taratibu kwa miguu yake iliyovimba, akafungua kiti pale rangi ilipokomea, akakaa, akavaa kofia. Basi likafunga breki mbele yake. Dereva, aliyemjua tangu gereji, akazima injini, akafunua gazeti. Odessa alimfuata na kiti chake, Nettles na chake, Charlesetta akaja na vya kwaya.

Lenora alikuta foleni ya magari ikiwa imefika darajani. Aliliacha lake hapo hapo, akaja kwa miguu, simu sikioni.

"Ndiyo, Mipango Miji? Nataka mkurugenzi mwenyewe," alikuwa akisema. "Hapana. Sitangoja kamati ndogo. Nimeketi barabarani."

Kisha akamwangalia baba yake, akavuta kiti, akaketi kweli.